Mchapaji mezani kwa wachekeshaji: kisa cha Amaani Lyle na chumba cha waandishi wa Friends

Mwezi Juni 1999 Amaani Lyle aliajiriwa kuchapa. Cheo chake rasmi kilikuwa msaidizi wa waandishi wa vichekesho katika Friends, kipindi kilichokuwa kikirekodiwa kwenye studio za Warner Bros. mjini Burbank, California, na kurushwa na kituo cha televisheni cha NBC. Waandishi hukaa kuzunguka meza wakirushiana mizaha kutwa nzima, na msaidizi huchapa chochote kinachoweza kugeuka kuwa mstari mdomoni mwa Joey au Phoebe, wahusika wa kipindi hicho. Ilipofika Oktoba akafukuzwa. Waajiri walisema anachapa polepole na vichekesho vizuri vinampita. Yeye alisema sababu ni nyingine, akaenda mahakamani. Mvutano huo ulipanda ngazi moja hadi nyingine mpaka Aprili 20, 2006, siku ambayo majaji saba wa Mahakama ya Juu ya California, bila hata mmoja kupinga, walisema hana kesi ya unyanyasaji wa kijinsia inayostahili kupelekwa mbele ya juri, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi.

Wanasheria wa California huisoma kesi hii ya Lyle dhidi ya Warner Brothers Television Productions wakitafuta mpaka wa unyanyasaji kazini uko wapi. Mimi inanivutia kwa jambo jingine. Ni mojawapo ya nyaraka chache za umma zinazotuingiza ndani ya chumba ambamo komedi ya televisheni ya Marekani huandikwa, tukaona mwanamke anayetamani kuandika anaingilia mlango gani, anakalishwa wapi, na anaruhusiwa kusema nini akishaingia. Majaji waliuliza maneno machafu yalielekezwa kwa nani. Swali la nani mezani pale alikuwa na haki ya kujibu halikuulizwa kabisa, na kwa maoni yangu ndilo lililobeba kisa chote.

Chumba na ngazi zake

Friends ilianza kurushwa Septemba 22, 1994, ikafungwa Mei 6, 2004, baada ya vipindi 236. Waliokibuni ni Marta Kauffman na David Crane, na pamoja nao katika kampuni ya utayarishaji alikuwapo Kevin Bright. Tusipite haraka hapo: juu kabisa ya ngazi alikaa mwanamke. Mezani nako walikuwamo waandishi wanawake. Kwa hiyo anayetaka kukisoma kisa hiki kama habari ya klabu ya wanaume watupu atakuwa amekikosa.

Komedi ya namna hii haiandikwi na mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Msimu wa kituo kikubwa cha Marekani enzi zile ulikuwa na vipindi ishirini na kitu, na vyote vinatakiwa ndani ya miezi michache. Basi huajiriwa waandishi wengi na kupangwa kwa vyeo: chini wapo waandishi wapya, juu yao wahariri wa hadithi, kisha wenye vyeo vya utayarishaji, na kileleni yule anayeendesha kipindi kizima, ambaye hata huku kwetu wenye kazi yao humwita showrunner. Mmoja anaandika skripti ya kwanza, inaletwa mezani, wote wanaishambulia. Kichekesho hiki kimelala, kitoe. Mtu anarusha kingine. Wakicheka kinaingia, wakinyamaza kimekufa, na aliyekirusha ajifanye hakusema kitu. Hivyo hadi usiku.

Na katika kurushiana huko watu hujianika. Mmoja anasimulia alivyoachwa na mchumba, mwingine anasimulia aibu ya usiku wa harusi, wa tatu anaongezea chumvi, na baada ya saa mbili kuna wazo la kipindi. Hoja ya waandishi kwamba upumbavu wa mezani ndio malighafi ya kazi yao ina ukweli mwingi. Kipindi kuhusu vijana sita wanaopendana, kuachana na kulala pamoja mjini New York hakiwezi kuandikwa na watu wanaoona haya kutamka neno ngono.

Msaidizi hayumo katika ngazi hizo. Lakini kiti chake kinagombewa, kwani kwa kijana asiye na mjomba Hollywood hakuna kiti kilicho karibu zaidi na meza. Unasikiliza skripti inavyojengwa na kubomolewa, watu wanazoea sura yako, na siku moja mkubwa anakuuliza kama una kitu ulichokiandika. Wengi waliokuja kuwa waandishi wakubwa walianzia hapo. Katika vyumba vingi kiti hicho kina mwiko wake: wewe hurushi kichekesho mpaka ualikwe. Mdomo ufunge, vidole viende.

Alichokikuta

Waliomsaili Lyle ni Adam Chase na Gregory Malins, waandishi waliokuwa na vyeo vya utayarishaji. Walimwambia mambo mawili. La kwanza, kasi ya kuchapa ndiyo roho ya kazi. La pili, kipindi kinagusa mambo ya ngono, hivyo atasikia mizaha na mazungumzo ya aina hiyo na itambidi ayaandike. Je, hilo litamkera? Akajibu halitamkera. Ni jibu ambalo mtu yeyote anayeitaka kazi angelitoa, na mawakili wa upande wa pili walilirudia tena na tena.

Kwa maelezo aliyoyatoa mahakamani, yaliyofuata yalipita mahitaji ya skripti yoyote. Alisema Chase, Malins na mwandishi mwingine, Andrew Reich, walizungumzia mambo yao ya kitandani kwa kinaganaga. Walizungumzia waigizaji wa kike wa kipindi hicho hicho, na nani kati yao wangependa kulala naye. Walifanya ishara za kujichua. Kulikuwa na kitabu cha kupaka rangi chenye picha za wasichana washangiliaji wa michezo, zikachorwa matiti na sehemu za siri. Kulikuwa na kalenda ya maneno ya kutia moyo ambayo herufi zake zilichezewa hadi neno la furaha likawa jina la kiungo cha mwanamume. Mengine siyaandiki hapa. Yamo ndani ya hukumu, na majaji wenye mvi waliyanukuu bila kupepesa macho.

Kulikuwa na lalamiko jingine, na hili mimi naliona zito kuliko kalenda. Lyle ni Mmarekani Mweusi. Alisema aliwaambia wakubwa wake kwamba kipindi kinachodaiwa kutokea Manhattan kimekaa miaka bila watu weusi wa maana ndani yake, na alidai kwamba kusema hivyo ndiko kulikomfukuzisha. Kwa hiyo alipofungua kesi chini ya sheria ya California ya haki katika ajira, maarufu kwa herufi FEHA, alidai mengi kwa pamoja: ubaguzi wa rangi na wa jinsia, kulipiziwa kisasi kwa kulalamika, na unyanyasaji.

Njia ya mahakama

Mahakama ya mwanzo iliimaliza kesi kwenye makaratasi, kabla ya juri kukaa. Ikaongeza kwamba madai hayakuwa na mashiko hata kidogo, kwa hiyo mlalamikaji alipe gharama za mawakili wa walalamikiwa: dola 415,800. Mtu aliyechapa kwa miezi minne anadaiwa fedha hiyo na upande wenye studio. Sisemi majaji walikusudia kuwatisha wengine, ila sidhani kama msaidizi yeyote wa Burbank aliyesikia kiasi hicho alihitaji kuelezwa zaidi.

Aprili 2004 Mahakama ya Rufaa iliigawa kesi. Kwenye ubaguzi na kisasi ilisema ushahidi haukutosha kuonyesha kwamba hoja ya uchapaji wa polepole ilikuwa kisingizio, na mlango huo ukafungwa. Kwenye unyanyasaji ilisema juri isikilize. Walalamikiwa wakitaka, wawaambie wanajuri kwamba mazungumzo yale yalikuwa ya lazima kwa kazi ya ubunifu, na wanajuri wenyewe wapime. Zile dola 415,800 zikaondolewa. Wiki chache baadaye kipindi cha mwisho cha Friends kilitazamwa na Wamarekani wapatao milioni 52.

Hollywood ikashtuka. Chama cha waandishi wa filamu na televisheni cha magharibi mwa Marekani, WGA, pamoja na waandishi zaidi ya 100, akiwamo Norman Lear, walipeleka maoni yao kwa Mahakama ya Juu kuunga mkono walalamikiwa. Walichokiogopa ni rahisi kukielewa. Mtu akianza kuchuja maneno kabla hayajamtoka, chumba kinakufa. Na komedi nzuri, hata ile inayopiga vita ubaguzi, mara nyingi huanzia kwenye jambo baya ambalo mtu amelisema kwa sauti. Lear, mtu aliyejenga jina lake miaka ya 1970 kwa vipindi vilivyomweka mbaguzi sebuleni na kumcheka, alijua anachokitetea.

Tatizo langu na maoni yale ni kwamba chama cha waandishi kilizungumza kwa niaba ya waandishi. Lyle hakuwa mwandishi. Katika mabishano hayo yote kuhusu uhuru wa chumba, mtu ambaye hakuwa na uhuru wa kusema ndani ya chumba ndiye pekee aliyeshtaki.

Hukumu

Jaji Marvin Baxter ndiye aliyeiandika. Inasomeka vizuri, kwa utulivu, na haina dharau. Inasimama kwa miguu miwili.

Mguu wa kwanza: sheria inakataza kumsumbua mtu kwa sababu ya jinsia yake. Lugha ya ngono peke yake haitoshi. Lyle mwenyewe alikubali kwamba vitendo vya wanaume wale watatu havikumlenga yeye. Hakuna aliyemtongoza, aliyemgusa wala aliyemtaka kwa malipo ya cheo. Mizaha ilisemwa mbele ya wanaume na wanawake kwa pamoja, na waandishi wanawake nao walisimulia mambo yao ya faragha ili kupata vitu vya kuandika. Maneno yaliyohusu wanawake fulani kwa kuwadhalilisha yalikuwapo, lakini mahakama ikaona ushahidi hauonyeshi yalikuwa mara ngapi wala kwa uzito gani.

Mguu wa pili: hata yakichukuliwa yote kwa jumla, hayakuwa makali wala mengi kiasi cha kugeuza mazingira ya kazi yake kuwa ya uadui. Na hapa ndipo neno la muktadha linaingia. Hii ilikuwa kazi ya kubuni komedi ya watu wazima yenye mada za ngono. Alionywa siku ya usaili. Angeshangaa nini?

Mahakama iliweka tahadhari kwamba haisemi lugha chafu kazini haiwezi kamwe kuwa unyanyasaji. Suala la uhuru wa maoni wa Katiba haikuligusa, kwa kuwa haikulihitaji. Jaji Ming Chin alikubaliana na wenzake lakini akaandika maoni yake pembeni, akisema hapo ndipo penye kiini: kesi inahusu zaidi uhuru wa kusema kuliko unyanyasaji.

Ukinibana niseme kama majaji waliikosea sheria ilivyokuwa mwaka 2006, nitasita. Kwa vifungu walivyokuwa navyo, mguu wa kwanza una nguvu. Nalaumu mahali walipoelekeza macho.

Kocha na karani wake

Katika kueleza muktadha, mahakama iliegemea uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1998 katika kesi ya Oncale, kuhusu mwanamume aliyesumbuliwa na wanaume wenzake kwenye mtambo wa mafuta katika Ghuba ya Mexico. Jaji Antonin Scalia aliandika humo kwamba sheria ya ubaguzi kazini si kanuni ya jumla ya adabu, na akatoa mfano. Kocha akimpiga mchezaji kofi la matako anapoingia uwanjani, hilo si dhuluma. Kofi hilo hilo kwa karani wa kocha, awe mwanamume au mwanamke, huko ofisini, linaweza kuwa dhuluma.

Sasa muweke Lyle ndani ya mfano huo. Ni mchezaji au ni karani? Mahakama ilimchukulia kama mchezaji kwa sababu alikuwa uwanjani. Lakini jezi hakuwa nayo. Alikuwa karani aliyewekewa meza katikati ya uwanja, analipwa kwa kuandika mpira ulipopita. Mfano ambao ulitakiwa kummaliza ndio ambao, ukisomwa kwa makini, ulikuwa unamtetea, na katika hukumu ile ndefu sioni mtu aliyeugeuza upande huo.

Tofauti ya mchezaji na karani si ya cheo tu. Mwandishi akichoka na porojo anatoka kwenda kuchukua kahawa, anaigeuza stori kwa stori nyingine, au anamkata mwenzake kwa mzaha mkali zaidi. Msaidizi hana hata moja ya hizo. Lazima awepo, lazima asikilize kwa makini, kwani hajui sentensi ipi kati ya kumi chafu itageuka kuwa dhahabu. Kumbuka sababu ya kumfukuza: vichekesho vilimpita. Yaani maneno yale hayakuwa yake, hayakumlenga, hayakumhusu, lakini akikosa kuyanasa anapoteza kazi. Hoja hizo mbili zimekaa kwenye faili moja na hazikuwahi kukutanishwa.

Sisi tuliokulia kwenye utani tunaijua kanuni hii bila kufundishwa. Mpare anaweza kumwambia Mchaga jambo ambalo kwa mtu mwingine ni ugomvi, hata msibani, mbele ya jeneza. Unaruhusiwa kwa sababu kesho zamu ni ya mwenzako, na mbele ya watu wote atakulipa na riba. Sasa mwambie mtu akae katikati ya watani usiku kucha, aandike kila tusi, na asijibu. Huyo si mtani wa mtu.

Ushahidi wa wanawake wenzake

Jambo lililoniuma zaidi katika hukumu ni lile la waandishi wanawake kutumika kama uthibitisho kwamba chumba hakikuwa na uadui kwa wanawake. Kama hawa nao wanasimulia na kucheka, tatizo liko wapi?

Ili kuelewa walichokuwa wakikifanya, inabidi kujua walikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwenye meza ya Your Show of Shows, moja ya meza mashuhuri kuliko zote za vichekesho Marekani, Lucille Kallen alikuwa mwanamke katikati ya wanaume wanaopiga kelele. Mwaka 1951 I Love Lucy ilipoanza, Madelyn Pugh aliiandika pamoja na mwenzake Bob Carroll Jr. Miaka ya 1970 The Mary Tyler Moore Show ilifungua mlango kwa wanawake wengi kuliko ilivyokuwa desturi, na Treva Silverman akashinda tuzo ya Emmy kwa kuiandikia. Lakini mlango huo haukubaki wazi wenyewe. Saturday Night Live, iliyoanza 1975, haikuwa na mwanamke kama mkuu wa waandishi hadi Tina Fey, mwaka 1999, mwaka uleule Lyle alioajiriwa. Muongo mmoja baadaye, Oktoba 2009, Nell Scovell, aliyewahi kumwandikia David Letterman, alionyesha hadharani kwamba meza za vipindi vya usiku vya Letterman, Jay Leno na Conan O'Brien zikijumlishwa hazikuwa na mwandishi mwanamke hata mmoja.

Katika hali hiyo, mwanamke aliyefika mezani amefika kwa kuthibitisha kila siku kwamba yeye si wa kuogopwa, kwamba chumba hakitalazimika kunyooka akiingia. Anasimulia stori yake, na ikiwezekana iwe chafu kuliko ya jirani yake. Wengine hufurahia kwa moyo wote, kwani kipaji chao kiko hukohuko, na sitaki kumfanya mtu mzima mwenye akili na ulimi mkali aonekane mateka. Ila kucheka kwa mwandishi anayelipwa kuchekesha, mwenye jina kwenye orodha ya waandishi wa kipindi, hakuwezi kuwa shahidi wa kile anachokihisi mchapaji mwenye miezi minne kazini. Mahakama iliwaweka kundi moja kwa kuwa wote ni wanawake. Kitu pekee walichofanana ndicho kilichotumika kupima, na kilichowatenganisha, yaani nafasi yao mezani, kikaachwa.

Lile lalamiko la rangi

Nimesema nalo ni zito, na nitaeleza kwa kifupi kwa sababu mahakama nayo ililimaliza kwa kifupi. Kilichofika kwa majaji saba ni unyanyasaji wa kijinsia tu. Msaidizi mweusi aliyesema kipindi hakina weusi, akafukuzwa muda mfupi baadaye, hakupata wa kumsikiliza kwa kina, kwa kuwa alishindwa kuunganisha mambo mawili kwa ushahidi. Huenda kweli hayakuunganika. Huenda alichapa polepole.

Lakini alichokisema kuhusu kipindi hakikuwa uongo. Mwigizaji mweusi wa kwanza kupewa nafasi iliyodumu vipindi kadhaa katika simulizi kuu, Aisha Tyler, aliingia 2003, msimu wa tisa, wakati kesi ikiwa tayari mahakamani. Na mwaka 2022 Marta Kauffman mwenyewe aliliambia gazeti la Los Angeles Times kwamba anaona haya kwa jinsi alivyokuwa haoni, akatoa dola milioni 4 kwa Chuo Kikuu cha Brandeis, alikosoma, kwa ajili ya nafasi ya uprofesa wa taaluma za Kiafrika na za Wamarekani Weusi. Ni kitendo cha heshima na sikibezi. Nasema tu kwamba mwaka 1999 kulikuwa na mtu mezani kwake aliyeliona hilo bure.

Lyle aliondoka kabisa kwenye vichekesho. Alijiunga na Jeshi la Anga la Marekani, kisha akawa mwandishi wa habari wa Wizara ya Ulinzi, na taarifa zake kutoka Pentagon zilichapwa kwa jina lake kamili.

Sheria ilivyosogezwa

Kwa miaka kumi na miwili hukumu ya Lyle ilikaa kama ngao. Kisha Oktoba 2017 habari za Harvey Weinstein, mtayarishaji mkubwa wa filamu aliyetuhumiwa na wanawake wengi kuwanyanyasa kingono, zikalipuka, na wasaidizi wa Hollywood wakaanza kuzungumza. Mwaka 2019 mwandishi Liz Alper alianzisha kampeni ya #PayUpHollywood kuhusu mishahara yao midogo. Inaonekana kama suala jingine, lakini ni kiti kilekile. Mtu asiyeweza kumudu kukosa mshahara wa wiki mbili hawezi kulalamika juu ya kalenda.

Kabla ya hapo, Septemba 30, 2018, Gavana Jerry Brown alitia saini muswada namba 1300 wa Seneti ya California, ulioletwa na Seneta Hannah-Beth Jackson. Sheria hiyo, iliyoanza kutumika Januari 1, 2019, haikuitaja kesi ya Lyle kwa jina, lakini anayeijua kesi anaisikia kwenye kila mstari. Inasema kipimo cha unyanyasaji wa kijinsia kisibadilike kwa aina ya mahali pa kazi. Inasema haijalishi kwamba kazi fulani imezoea mazungumzo ya ngono tangu zamani. Inasema kesi za unyanyasaji ni nadra kufaa kumalizwa kwenye makaratasi bila kusikilizwa, jambo ambalo ndilo lililompata Lyle.

Halafu wakaacha tundu moja. Mahakama inaweza kuangalia aina ya kazi pale ambapo kushiriki au kushuhudia mambo ya ashiki ni sehemu ya lazima ya majukumu. Hilo la kushuhudia halikuingia kwa bahati. Linamgusa moja kwa moja mtu wa cheo cha Lyle, ambaye hashiriki bali anashuhudia kwa mshahara.

Leo msaidizi kama yeye akifungua kesi, wakili wa studio atasimama juu ya neno hilo: kushuhudia ndiyo kazi yake, aliambiwa, akakubali. Wakili wake naye atajibu kwamba jukumu lilikuwa kuchapa kinachoweza kuingia kwenye skripti, na atauliza ni kipindi kipi kati ya 236 kilichozaliwa na kitabu cha kupaka rangi. Mpaka wa sheria utapita katikati ya meza ileile, kati ya stori ya harusi iliyogeuka kuwa kipindi na kalenda ambayo haikugeuka kuwa chochote. Na kwa jinsi sheria ilivyo sasa, kuna uwezekano mkubwa kwamba swali hilo litaamuliwa na wanajuri waliomsikia mchapaji akijieleza mwenyewe.